Dokta Anajibu: Kansa ya ini imemrudia mzee baada ya oparesheni, tuanzie wapi?

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu meseji za ini zimekuwa nyingi, nyingine zinafanana kabisa, kwahiyo nimechagua hizi ambazo nikizijibu naamini na wengine mtakuwa mmepata chenu. Majina nimeyatoa.

*Dokta shikamoo. Mimi ni binti wa kwanza kwa mzee wangu, tunakaa Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Mzee ana miaka 58, mwaka jana alikutwa na uvimbe wa kansa kwenye ini akakatwa kile kipande, oparesheni ikaenda vizuri akapona mpaka akarudi shambani kwake Bahi. Juzi tumeenda klinik wakampiga CT scan wakasema kuna kauvimbe kengine sentimita 2.4 upande ule uliobaki. Sasa nyumbani hapakaliki. Baba mdogo anasema kansa ikiguswa na kisu inachachamaa, upepo ukishaingia ndo basi tena. Shangazi ana mtu wake Mpwapwa anatoa dawa ya kunywa ya kusafisha ini. Mdogo wangu anataka tuuze kiwanja cha Nzuguni mzee aende India. Hivi kurudi huku ni makosa ya madaktari? Na inatibika au tunachoma hela? Nimesahau, mzee ana hepatitis B, alikuwa anakunywa tenofovir ila alipokatwa akaacha, anasema uvimbe si umeshatolewa.*

Marahaba binti yangu, pole na hilo zigo. Naanza na kile ulichokitupia mwishoni baada ya kukisahau, maana ndo kilichonishtua kuliko hata hizo sentimita 2.4. Mzee kaacha tenofovir, dawa ya kutuliza kirusi cha hepatitis B. Mpelekeni klinik haraka, kesho ikiwezekana, na kopo lake la zamani mlibebe, mseme wazi ameacha tangu lini, msimtetee. Watamtoa damu waangalie enzaimu za ini, wingi wa kirusi na hali ya figo, na mara nyingi dawa inarudishwa hapo hapo. Mtu mwenye hepatitis B akikata dawa ghafla kirusi kinaweza kuamka kwa nguvu ini likavimba, na huyu wenu kabakiwa na kipande tu.

Uvimbe ulitolewa, ni kweli. Kirusi hakikutolewa. Lile ini lililobaki ni lile lile lililootesha uvimbe wa kwanza, lina makovu yale yale na kirusi kile kile, sasa mkulima wa Bahi hili halihitaji hata maelezo, ukishang'oa gugu la kiduha moja kwenye mtama mbegu zake si bado zimo kwenye udongo. Ndo maana waliokatwa wakaendelea na dawa ya kirusi, kansa inawarudia kwa kiasi kidogo kuliko walioachana nayo. Sio kwamba dawa inazuia kabisa, ila inapunguza, na kingine kikubwa inalilinda ini lenyewe ili hata ikirudi pawe na pa kutibia.

Sasa la makosa ya madaktari. Hii kansa inayoanzia kwenye ini lenyewe ina tabia ya kurudi, kati ya watu 10 wanaokatwa hadi 7 inawarudia ndani ya miaka 5, na hapo nazungumzia hata hospitali kubwa za Ulaya na Asia. Ikirudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo mara nyingi ni chembe za uvimbe ule ule wa kwanza, zilishasambaa kupitia mishipa ya ndani ya ini kabla hata mzee hajaingia tieta, ndogo kiasi kwamba hakuna kipimo kingeziona. Ikirudi baada ya hapo mara nyingi ni uvimbe mpya kabisa ambao ini gonjwa limeutengeneza. Kwahiyo mwambie baba mdogo kwa heshima zote, upepo hauhusiki. Najua hiyo imani inatoka wapi, watu wetu wengi wanafika hospitali wamechelewa, wanafunguliwa tumbo, wanakutwa hapakatiki, wanafungwa, wanafariki baada ya wiki chache, na mtaa mzima unabaki kusema kisu ndo kimemmaliza. Mzee wenu alikatwa akarudi shambani.

Na hicho kitu kimekamatwa kikiwa na sentimita 2.4 kwa sababu mlikuwa mnahudhuria klinik. Hongereni kwa hilo, wengi wakishajisikia vizuri hawarudi mpaka macho yawe ya njano.

Je inatibika? Uvimbe mmoja, chini ya sentimita 3, ini likiwa bado lina nguvu, hapo bado tunaongelea tiba ya kuuondoa kabisa. Kuna njia ya kuunguza, sindano ndefu inapitishwa kwenye ngozi mpaka katikati ya uvimbe huku daktari anaangalia kwa altrasaundi au CT, afu inatoa joto uvimbe unaiva humo humo, hakuna kupasua tumbo. Kwa uvimbe mdogo hivi matokeo yake yanakaribiana na ya kukata. Shida inakuja ukiwa umekaa jirani na mshipa mkubwa, damu inayopita inapooza lile joto, kingo za uvimbe haziivi vizuri. Kuna kukatwa tena, ndio, ini linaweza kukatwa mara ya pili kama kipande kinachobaki kinatosha. Na kuna njia ya kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa pajani mpaka ule mshipa unaolisha uvimbe, wanamimina dawa ya kemo hapo hapo afu wanauziba, hii zaidi inatumika pale uvimbe ni mingi au haufikiki kwa sindano. Wataalamu wa tiba radiolojia wanaofanya mambo ya sindano na mipira wapo Muhimbili. Hapa Dodoma mnaanzia General au Benjamin Mkapa mnapata rufaa, na kwenda Dar siku hizi sio ule mtihani wa zamani, tangu 2024 treni ya SGR ipo, mgonjwa anakaa kwenye kiti anafika ana nguvu zake.

Kabla ya yote hayo daktari anatakiwa ajue vitu vitatu, na wewe ndo uviulize kwa sababu naona nyumba nzima mnabishana tiba wakati majibu ya hivi hamnayo. Uvimbe wenyewe: ni huo mmoja tu, au kuna vingine, umegusa mshipa? Ini: bilirubini (ile rangi ya njano ambayo ini linatakiwa kuitoa) ngapi, albumini (protini inayotengenezwa na ini) ngapi, damu inaganda vizuri, kuna maji tumboni? Na mzee mwenyewe: anatembea, anakula, anajihudumia? Kama CT ilipigwa bila dawa ya mshipani irudiwe yenye dawa, kwa awamu zake zote. Kansa ya ini ina alama yake pale, dawa ikiingia tu uvimbe unawaka kuliko ini lote, baada ya dakika chache unapauka ini linabaki limeng'aa. Mtu mwenye makovu ya ini au hepatitis B ya muda mrefu akionyesha hivyo mara nyingi hata kinyama cha kupima hakichukuliwi. Kuna na kipimo cha damu cha AFP, kikipanda ni ishara, ila kikiwa kizuri msishangilie moja kwa moja maana kuna uvimbe ambao haukitoi kabisa.

Kiwanja cha Nzuguni kisiuzwe bado. India watu wetu wanakwenda hasa kwa kupandikizwa ini, na kweli mgonjwa akifaa ni tiba nzuri kwa sababu inatoa uvimbe na ini bovu kwa pamoja, lakini ina masharti. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi kilitoka Milan mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au isiyozidi mitatu kila mmoja usizidi sentimita 3, na mishipa isiwe imeingiliwa. Kwa ukubwa mzee yumo. Ila anatakiwa ndugu wa kutoa kipande cha ini, damu ziendane, awe na afya, afu mzee atakunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote, na hizo dawa zinanunuliwa baada ya kurudi nyumbani, kitu ambacho hakuna anayekipigia hesabu wakati wa kuuza kiwanja. Chukueni CD ya picha na ripoti, jopo la madaktari liangalie, na hata hiyo hospitali ya nje itumieni picha kwanza iwape jibu kwa maandishi mgonjwa akiwa bado yuko Nkuhungu.

Shangazi sasa. Sina ugomvi na mitishamba kwa ujumla, bibi yangu mwenyewe alikuwa akichemsha, ila kila kinachonywewa kinapita kwenye ini kwanza, na hii ya "kusafisha ini" hakuna anayejua ndani kuna nini na kiasi gani. Ipo miti inayounguza ini la mtu mzima asiyeumwa. Fikiria mzee anakunywa wiki tatu, bilirubini inapanda, anafika kwa wenye sindano wanamwambia ini limechoka hatuwezi kukugusa. Hapo amepoteza nafasi ambayo leo anayo mkononi. Mwambie shangazi asubiri, kama ni kuomba dua aombe hata usiku kucha.

Akishatibiwa, ratiba ni picha na damu kila baada ya miezi 3 au 4 kwa miaka 2 ya mwanzo, afu kila miezi 6. Na tenofovir kila siku.

*Dokta habari za kazi. Naandika kutoka Kondoa. Mume wangu alikatwa ini, kansa ikarudi, sasa hivi uvimbe ni mingi pande zote na wamesema umeingia mpaka kwenye mshipa mkubwa wa ini. Hawakati tena, wamempa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, ila mwenyewe hataki kusikia. Tumbo linajaa maji. Usiku halali, mchana anasinzia, juzi kaniita kwa jina la dada yake ambaye ni marehemu, ndugu wakaanza kuongea mambo yao mengine. Maumivu yakizidi tunanunua diklofenaki dukani. Hospitali wanataka kumpa morfini, wakwe zangu wamegoma wanasema hiyo ni ya kumalizia mtu.*

Mama pole sana. Mambo mawili ni ya leo hii.

La kwanza diklofenaki acheni, na ibuprofeni, na zile sindano za maumivu za dukani ambazo hata jina hamwambiwi. Kwa mtu mwenye ini la hivyo zinaua figo na zinaweza kumtapisha damu. Watu wanaogopa panadol ndo inaharibu ini wanakimbilia diklofenaki, kumbe kwa mgonjwa kama huyu panadol ndo salama zaidi mradi isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na daktari wake ajue.

La pili huko kuchanganyikiwa. Kugeuza usiku kuwa mchana na kuita watu majina yasiyo yao, hakuna jini hapo wala marehemu hajaja kumchukua. Ini likishindwa kuchuja, sumu zinazotoka tumboni zinapanda kwenye ubongo. Mwambie anyooshe mikono mbele viganja vikiwa vimeinuka kama anamsimamisha bodaboda, utaona vinapigapiga vyenyewe kwenda chini. Apelekwe hospitali, kwa sababu mara nyingi kuna kitu kimechokoza: choo kimefunga siku kadhaa, au kuna maambukizi kwenye yale maji ya tumbo, au anavuja damu kwa ndani, au vidonge vya kukojoa vimemkausha kupita kiasi. Vyote hivyo vina tiba na mtu anarudi kukutambua. Mara nyingi watampa sharubati ya laktulosi, lengo apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku, na hapo wewe ndo msimamizi, siku hajaenda umpigie sista usisubiri klinik.

Maji ya tumbo yanapunguzwa kwa vidonge, yakizidi yanatolewa kwa sindano, hayamalizi nguvu kama watu wanavyosema, yakitolewa mtu anapumua na kula. Chumvi ndo mpunguze kweli kweli, ukiwemo na ule unga wa viungo wa paketi mnaotia kwenye mchuzi, na dagaa wa chumvi. Lakini chakula msimnyime, wengine wameambiwa mgonjwa wa ini asile mayai wala maharage, anabaki na uji mweupe na misuli inakwisha. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na kabla ya kulala apate kikombe cha uji wenye maziwa au karanga safi, kwa sababu ini hilo haliwezi tena kutunza akiba ya kumvusha usiku. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au homa na tumbo kuuma, hiyo ni gari usiku huo huo.

Kuhusu rufaa nitakuambia ukweli. Uvimbe ukishaingia kwenye mshipa mkubwa hatuongelei tena kuuondoa, tunaongelea kuuchelewesha. Kuna vidonge kama sorafenib, na kuna dripu mbili za pamoja, moja ya kuamsha kinga na nyingine ya kukata mishipa ya uvimbe, zilianza kukubalika kwa kansa hii mwaka 2020, bei yake ni kubwa na kabla ya kuzianza lazima wachungulie koo kwa kamera kuona kama kuna mishipa iliyovimba itakayovuja. Zote hizi zinafaa pale ini bado linafanya kazi. Kama limeshachoka, dawa itamchosha bila faida, na daktari akisema hivyo hajamtelekeza. Ila Ocean Road watu hawapelekwi kwa dawa tu, huduma ya shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, iko pale, na unaweza kuomba ipatikane karibu na nyumbani akatulia Kondoa. Akili ikitulia muulizeni mwenyewe anataka nini, maana kwenye meseji yako yote wameongea wakwe, nyie, hospitali, yeye kasema neno moja tu, hataki, na sijaona aliyemuuliza kwa nini.

Morfini haimalizi mtu. Ile ya kunywa inaanza kwa kiasi kidogo, kwa mgonjwa wa ini kidogo zaidi na kwa nafasi ndefu zaidi kati ya dozi na dozi, inapandishwa taratibu. Inafunga choo, kwahiyo laktulosi inakwenda nayo bega kwa bega. Kwa vile sasa hivi anachanganyikiwa, hilo litibiwe kwanza au pamoja, daktari ataamua. Kinachowaogopesha wakwe ni kwamba wanaiona ikitolewa siku za mwisho, na inatolewa siku za mwisho kwa sababu ndugu wanaikataa siku za mwanzo.

*Mambo vipi dokta. Mimi kijana nafanya mishe za mahindi soko la Kibaigwa. Bro wangu alikatwa uvimbe wa ini, amepona ila tunaogopa usirudi. Kuna mtu katuambia ni sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga. Ni kweli au stori? Na sisi wengine tupime nini?*

Poa kijana wangu. Sio stori. Ni sumu ya ukungu, inaingia kwenye mahindi na karanga shambani wakati wa ukame na stoo wakati wa unyevu, na kanda yetu tunaijua vizuri, mwaka 2016 iliua watu hapa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi. Ile ilikuwa ya ghafla. Inayoleta kansa ni ile ya kidogo kidogo miaka na miaka, na ikikutana na hepatitis B kwa mtu mmoja hatari inazidishwa, haijumlishwi.

Kupika hakuiui, hata ugali ukae motoni saa nzima. Kinachosaidia ni kuchagua punje, zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu, zenye rangi ya ajabu zitoke. Kukoboa nako kunapunguza sana kwa sababu sehemu kubwa inakaa kwenye pumba, na hapa najua nitagombana na wapenzi wa dona, dona ni nzuri ila ya mahindi unayoyajua yalikotoka. Kausheni kwenye turubai msianike chini, wekeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Wewe unakaa sokoni, unajua yale mahindi mabovu yanakoishia: wanasaga chakula cha kuku, au yanauzwa bei ya kutupa kwa wapika pombe. Sumu inakwenda nayo, ng'ombe akila inatoka mpaka kwenye maziwa. Bro ale uwele na mtama kwa zamu, ila navyo vikauke na vichaguliwe. Karanga yenye uchungu mdomoni ateme.

Kupima: ndugu wote wa tumbo moja, mke wake na watoto, wapime hepatitis B. Asiyekuwa nayo na hajachanjwa achome sindano 3, ya leo, baada ya mwezi, na miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Watoto waliozaliwa baada ya chanjo kuingia kwenye ratiba ya taifa mwaka 2002 wengi walishapata, angalieni kadi zao za kliniki. Atakayekutwa nayo asikae kusubiri dalili, altrasaundi ya ini ifanyike na daktari aseme kila baada ya muda gani. Na bro mwenyewe, soma ratiba niliyompa binti wa Nkuhungu hapo juu, ni hiyo hiyo.

Za haraka haraka. Aliyeuliza kutoka Makole kuhusu bima, kabla hamjaanza tiba yoyote nendeni dirisha la bima na jina la dawa au kipimo kwenye karatasi, muulize kipi kinalipiwa na kipi hapana, na msiokuwa na bima ofisi ya ustawi wa jamii ipo kila hospitali kubwa, msione aibu. Wa Mpwapwa ambaye kansa ya mama yake ilianzia kwenye utumbo mpana ikaja kwenye ini, hiyo ni kansa nyingine na tiba zake nyingine, usichukue ya hapa ukampa yeye. Wa Chamwino anayekunywa sorafenib viganja na nyayo vinachubuka, dawa ndo inafanya hivyo, paka mafuta mazito, viatu laini, ukipata malengelenge piga simu klinik wapunguze dozi, usiache kimya kimya. Na yule wa Area C aliyeuliza kama kahawa inaruhusiwa baada ya kukatwa ini, inaruhusiwa, tena wanywaji wa kahawa wameonekana kupata kansa ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa. Wine hapana. Hata hii ya zabibu zetu.